Dawa ya Bure Haishiki

Raymundi Lugembe alikuwa na mashati mawili, na balaa lote la kijiji cha Isenga lilianzia kwenye mashati hayo. Asubuhi alivaa la kaki lenye vifungo vya shaba, akakaa katika zahanati ya baraza la Mtemi akiitwa Bwana Dresa, cheo cha mfunga vidonda. Jua likishapinda alivua kaki, akavaa shati jeupe la mikono mirefu, akavuka barabara na kuingia duka lake la dawa lililotazamana na zahanati, mlango kwa mlango. Barabara yenyewe ni ile ya zamani ya misafara. Wazee wetu waliipita na pembe za ndovu mabegani, kiu ikiwaua porini, wafike pwani warudi na kipande cha kitambaa. Raymundi aliikatiza tu, akanenepa.

Aliyempa jina la Bwana Njiambili ni Mwanamkuu, mama wa Kizaramo aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya barabara hiyo. Baba yake alifika na msafara kutoka pwani, akaugua, akaachwa, akapona, akaoa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama hizo, kwa hiyo Mwanamkuu alikuwa na ruhusa ya kumtukana Raymundi mchana kweupe, na Raymundi hakuwa na ruhusa ya kununa.

"Njia mbili zilimshinda fisi, Bwana Njiambili!" alimpigia kelele kila alipomwona anavuka.

"Fisi alikuwa na miguu minne, ikamchanganya," Raymundi alimjibu. "Mimi ninayo miwili, mmoja huku, mmoja kule."

"Utapasuka msamba, mjukuu wa mbeba mizigo wewe!"

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini kicheko cha Isenga kwa Raymundi hakikuwa na upendo ndani yake. Walimhitaji, na mtu unayemhitaji huku humpendi ni kama kiatu kinachobana, unakivaa na kukilaani kila hatua.

Tangu ujana wake alikuwa mtu wa kuhama. Alianza kwa kufagia wodi katika hospitali moja mjini Tabora, ambako hakuna aliyemwita jina, wote walimwita "wewe". Akapandishwa, akafundishwa kufunga vidonda na kupima homa. Vita vya Hitla vilipozuka akaingia KEYA, jeshi la Waingereza, wakampeleka Bama, ng'ambo ya bahari, kuwahudumia majeruhi. Huko alimwona daktari Mzungu akimchoma sindano ya maji matupu askari aliyejisingizia ugonjwa, na askari akainuka, akashukuru, akarudi kazini. Wenzake walikisimulia kisa hicho kama kichekesho. Raymundi alikiweka akibani.

Vita vilipokwisha alirudi Isenga na bomba la sindano ndani ya soksi. Akafungua duka. Aliuza kwinini, chumvi ya haluli, tinchaidini ya vidonda na dawa za minyoo, vitu vya kweli vyenye faida ndogo. Faida kubwa ilikuwa uani, nyuma ya pazia la magunia. Huko alichemsha maji, akatia chembe ya ile dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, maji yakageuka rangi ya waridi, akayavuta kwenye bomba na kuyaita sindano nyekundu. Watu walitoka Usinge kwa miguu kuja kuchomwa. Mgongo ukiuma, sindano nyekundu. Mke hashiki mimba, sindano nyekundu. Nani angebisha? Homa nyingi huondoka zenyewe, na sifa huchukua aliyekuwa karibu.

Kisha baraza la Mtemi likajenga zahanati, tena mbele ya duka lake, na dawa zake zikawa bure.

Mtu mwingine angefunga virago. Raymundi alikwenda mnadani, akasimama penye watu wengi, akasema maneno manne yaliyomtosha: "Dawa ya bure haishiki." Hakueleza zaidi, wala haikuhitajika. Kila Mnyamwezi anajua kuwa mganga hatoi dawa kabla hajapewa kitu cha kufungulia mkoba, kuku au jembe, na kwamba bugota, yaani dawa, usiyoitolea kitu ni majani tu. Raymundi alichukua desturi ya mababu akaigeuza kufuli, akaitia kwenye mlango wa zahanati. Dresa wa kwanza aliletwa, akakaa peke yake akiumwa na mbu, kabati limejaa dawa na buibui. Hakuna aliyeingia. Mwishowe aliomba uhamisho akaenda Urambo, kwenye mashamba ya karanga, ambako angalau watu waliumia wakafungwa vidonda.

Na baraza nalo, kwa akili zake, likauliza: wenyeji wanamwamini nani? Wakajibiwa, Raymundi. Basi wakampa zahanati. Mbuzi kakabidhiwa shamba la mihogo.

Alikubali siku hiyohiyo. Duka akaliandikisha kwa mkewe, Eustadia, lakini mkono uliochoma sindano uani ulibaki uleule. Kwa nini alikubali, na duka lilimlisha vizuri? Kwa sababu ya kaki. Kwa sababu ya kuitwa "Bwana" na watu wa serikali waliokuwa wakimwita "wewe". Asubuhi alikaa zahanati akiwatazama watu wakimpita, wakikaa kivulini kungoja avuke. Serikali ilimlipa kwa kukaa, duka likamlipa kwa kuvuka. Watu waliona yote hayo. Walitema mate pembeni ya njia, kisha wakapanga foleni.

Mama yake pia aliona. Nyamizi alikuwa mjane, akiishi mwisho wa kijiji na binti yake Tekla, dada mdogo wa Raymundi. Nyamizi hakutema mate. Alimwamini mwanawe kwa kila neno, na alipowasikia wanawake kisimani wakimsema aliweka mtungi chini akawauliza, "Dawa ya bure imemponya nani hapa? Mnitajie." Hawakuwa na wa kumtaja.

Kiangazi cha mwaka ule, upepo ulipokuwa ukizungusha vumbi barabarani, ukaja ugonjwa wa shingo. Mtu alilala mzima, akaamka kichwa kinapasuka, mwanga unamchoma macho, shingo imekakamaa haigeuki. Wengi hawakufika siku ya tatu. Daktari Mzungu alikuja kwa gari kutoka Tabora na debe la vidonge vyeupe.

"Hivi ni salfa, vinaua ugonjwa huu," alimwambia Raymundi. "Mpe kila mgonjwa, bila malipo. Akimeza mapema atapona. Asipomeza, chimbeni kaburi."

Raymundi alijua ni kweli. Aliviona Bama vikiwainua watu walioagwa. Alisimama mlangoni mwa zahanati, shati la kaki limenyooshwa, akawaita watu. Wakaja, wakapokea kwa mikono miwili kwa adabu, wakashukuru. Kisha wakavitupa majanini na kuvuka barabara kumngoja awachome sindano nyekundu.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa fupi. Asimame pale alipotamkia uongo wake, aseme, "Niliwadanganya." Basi. Lakini nani angenunua tena kwake? Na wale waliozika watu baada ya kulipia maji ya waridi wangemfanya nini? Jioni ile alikaa na Eustadia, hakula.

Eustadia alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho ya mizani. "Hawatavimeza ukivitoa kule," alisema. "Vilete huku. Mtu atoe kuku, apewe vidonge. Atavimeza, atapona."

"Ni mali ya serikali. Nitafungwa."

"Wakipona nani atashtaki?"

Debe likavuka barabara ndani ya gunia la chumvi. Wa kwanza kuja alikuwa Limbu, mrina asali, kambeba ndugu yake mgongoni. Alitoa jogoo. Ndugu akameza, na baadaye akafumbua macho, akaomba uji. Habari ikaenea kuliko moto wa kiangazi. Ua wa Raymundi ukajaa kuku hata ukakosa pa kukanyaga, na wagonjwa wakapona, kweli wakapona. Mnaweza kuuliza kama huo ni wema au wizi, mimi sina haja ya kumpunguzia. Alijua kwamba kila mgonjwa anayepona kwa kuku anaupigilia uongo wake msumari mwingine. Alijua, akapokea kuku.

Wiki ile ile Nyamizi akashikwa.

Raymundi alikwenda mbio na vidonge mkononi. Alimkuta mama kalala, kanga kajifunika usoni kukwepa mwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Shingo hii, baba, kama imetiwa mti."

"Nimekuletea dawa. Umeze sasa, na jioni umeze vingine."

Mama alivipokea, akavitazama kwa jicho moja. "Basi mchukue yule tetea wangu mweupe. Yupo hapo nje."

Na hapo mtu huyu, aliyemtoza mjane, aliyemtoza kipofu, aliyemtoza Limbu jogoo wake wa pekee, akaona aibu. "Mama! Nikutoze wewe? Unataka nilaaniwe? Ulinilipa zamani, kwa maziwa yako."

"Mchukue tu, baba. Ni kuku tu."

"Sichukui! Nikichukua kuku wa mama yangu, watu watanionaje?"

Nyamizi alivifumbata vidonge. "Haya. Nitameza na uji, Tekla akirudi."

Raymundi aliona vema. Ua wake ulikuwa umejaa watu wanaomngoja, na mtu mwenye biashara mbili hana muda wa kumwona mama yake akinywa uji. Akaondoka.

Mchana Tekla alifika dukani, tetea mweupe kwapani, akapita mbele ya foleni yote. "Kaka, mama kasema umpokee huyu. Kasisitiza sana."

Raymundi aliona macho ya watu yote yako kwake. Akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie. "Mrudishie mama kuku wake! Mimi kwa mama yangu natoa bure!"

Watu walinong'ona, wengine wakatikisa vichwa kwa kusifu. Ndiyo mara yake ya kwanza kusifiwa Isenga bila kinyongo, na alifurahi hata akamchoma mtu mmoja sindano nyekundu bila malipo. Mwongo huwa wa kwanza kuusahau uongo wake. Mama yake hakuwa ameusahau.

Siku ya pili alimletea vingine, mama akasema amemeza vya jana, akavipokea na hivyo. Sauti ilikuwa imelegea. Raymundi alijiambia dawa inapigana. Kesho yake, jua likichomoza, Tekla alipiga ukunga.

Walioosha maiti ni Tekla na Mwanamkuu. Walipofungua pindo la kanga ya marehemu wakakuta fundo lililokazwa vizuri, na ndani ya fundo vidonge vyeupe, vikavu. Tekla alitoka nje, akapita katikati ya waombolezaji, akamfuata kaka yake alipokaa na wazee, akaushika mkono wake na kuvimimina kiganjani.

"Vyote hivi hapa," alisema. "Hakumeza hata kimoja. Ulimpa bure, kaka."

Raymundi alivitazama.

"Ulimwambia haishiki. Aliamini wewe hudanganyi. Akakuletea kuku, ukamfukuza kuku mbele za watu ili usifiwe!" Tekla hakuwa analia. "Mchuma janga hula na wa kwao. Leo tumekula wote. Usiniite dada tena."

Hakuna aliyemnyamazisha. Mzee mmoja alisogeza kigoda chake mbali kidogo na Raymundi, na wa pili naye akasogeza.

Mazishi yalikuwa alasiri. Katekista Ambrosi alimaliza sala, wanaume wakaliteremsha jeneza, wakainama kuchukua majembe. Majembe hayakuwepo. Mwanamkuu alikuwa kayakalia. Alikuwa ukingoni mwa kaburi, miguu kaining'iniza ndani, na kitu kinafurukuta ndani ya kanga yake.

"Hafukiwi mtu hapa," alisema. "Kaburi hili langu, mpaka niridhike."

Vicheko vidogo vikaanza, maana ndivyo watani wafanyavyo msibani, na bila wao kilio hakina mapumziko. Mtu mmoja alimnyooshea senti ili aondoke, Mwanamkuu akaisukuma. Ambrosi alifunga kitabu chake cha sala, akangoja kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Sitaki kupewa. Nimetumwa kutoa." Akafunua kanga, akamwinua tetea mweupe juu, watu wote wakamwona. "Bwana Njiambili! Njoo hapa. Mama yako kanituma, anasema pokea kuku. Kaburi la bure halishiki. Usipopokea atatoka humu usiku, aje akudai."

Kicheko kikapasuka. Hata wazee walijishika mbavu. Raymundi alisogea mpaka ukingoni, vumbi limeganda kwenye machozi. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha.

"Babu yako alibeba pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo," Mwanamkuu aliendelea, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha, "akavaa kilemba kimoja, akatosheka. Wewe hujabeba hata kinu, unataka vilemba viwili. Sema mbele ya mama yako. Dawa ya bure inashika, haishiki?"

Raymundi alipiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa.

"Inashika," alisema. Kisha kwa sauti kubwa, "Dawa ya bure inashika! Niliwadanganya. Vile vidonge ni vya serikali, ni vya bure, niliwauzia haki yenu. Na sindano nyekundu ni maji. Maji ya kisima tu! Mama, nisamehe!"

Kunguru walisikika. Halafu mtu wa nyuma akaguna, akacheka, akasema, "Mnyamwezi kajibu!" Na mwingine, "Kajibu kweli! Eti maji!" Basi wote wakaangua kicheko, wakapiga makofi, maana hawakuwahi kumwona mtu akijibu utani kwa ufundi namna ile, mpaka magotini, mpaka machozi. Tetea akaponyoka, akakimbia kati ya makaburi, kicheko kikazidi. Mwanamkuu peke yake hakucheka. Alimtazama Raymundi kwa muda, akainuka, akatoa majembe.

Asubuhi iliyofuata Raymundi alifunga duka kwa kufuli. Eustadia alimuuliza kama amerukwa na akili. Yeye alibeba debe begani kwa uwazi, akavuka barabara, akaliweka juu ya meza ya zahanati na kukaa. Alikuwa na shati moja tu, la kaki.

Limbu alitokea na baiskeli akiisukuma, mkewe kamfunga kwa kanga kwenye kibebeo asianguke. Shingo ya yule mama ilikuwa imepinda nyuma, macho kayafumba. Kwenye usukani alining'inia kuku, miguu juu. Limbu aliipita zahanati bila kugeuza uso, akafika dukani, akaona kufuli, akaanza kuupiga mlango kwa ngumi.

Raymundi alitoka mbio na vidonge na kikombe cha maji. "Limbu! Dawa ni hii. Mpe sasa hivi. Ni bure."

Limbu alimgeukia na uso wa mtu anayetaka kupiga. "Mke wangu anakufa, Bwana Dresa, unaniletea utani?"

"Si utani. Hukusikia jana nilivyosema?"

"Nilisikia. Nilicheka. Ya utani hayashiki."

"Nilisema kweli, Limbu! Naapa kwa kaburi la mama."

"Mama yako!" Limbu alitema mate, na safari hii hakugeuka pembeni. "Mama yako ulimpa bure, nasi tulisikia ukijisifu. Tumemzika jana. Ndugu yangu nilimlipia jogoo, sasa anachonga mizinga. Unataka na wangu nimzike? Una chuki gani na mimi? Fungua duka, pokea kuku!"

Yule mama alitoa mlio mdogo juu ya baiskeli. Mwanamkuu, kando ya karai lake la mafuta, aliacha kugeuza vitumbua.

Raymundi alitazama vidonge, akatazama ile shingo. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akafungua duka. Kisha akanyoosha mikono miwili, akampokea kuku.